India: serikali imemfikia kila mtu, ajira bado

Katika mazungumzo ya uchumi huku kwetu Afrika Mashariki, India hutajwa kwa namna mbili zinazopishana. Wapo wanaoishika kama mfano wa kuigwa: nchi iliyokuwa ikipokea ngano ya msaada kutoka Marekani katika miaka ya 1960, na ambayo leo imo miongoni mwa mataifa yenye uchumi mkubwa zaidi duniani, ikikua kwa kasi ambayo nchi tajiri zimeisahau. Wapo pia wanaokumbusha kwamba pato hilo, likigawanywa kwa watu zaidi ya bilioni 1.4, halimpi kila mmoja hata dola 3,000 kwa mwaka. Pande zote mbili zina hoja, na pengine ndiyo maana mjadala huzunguka pale pale.

Mimi nimevutiwa zaidi na jambo jingine, nalo ni mipango ya serikali yenyewe: ipi ilifanya kazi, ipi ilikwama, na kwa nini. Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji ayapime njia nzima. Serikali ya India, chini ya vyama viwili vinavyochukiana, Congress na BJP, imejifunza kwa ustadi wa kipekee kumfikia raia mmoja mmoja, yaani kumtambua, kumfungulia akaunti na kumtumia fedha bila mkono wa mtu katikati. Kumpatia raia huyo huyo kazi yenye mshahara wa uhakika ni jambo ambalo hadi sasa limeishinda, na mipango mingi yenye majina makubwa inaeleweka vizuri zaidi mtu akiitazama kupitia pengo hilo.

Historia ya karibuni huanzia mwaka 1991. Vita vya Ghuba vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta na kukata fedha walizokuwa wakituma nyumbani Wahindi waliofanya kazi Kuwait na Iraq, na akiba ya fedha za kigeni ikabaki ya kulipia bidhaa za wiki chache tu. Benki kuu ikasafirisha dhahabu kwa ndege hadi London iwe rehani ya mkopo, habari iliyowauma sana wananchi wa nchi ambako dhahabu ya mama ndiyo kitu cha mwisho ambacho familia hukubali kukiuza. Waziri Mkuu P. V. Narasimha Rao alikuwa ameingia madarakani mwezi Juni. Waziri wake wa fedha, Manmohan Singh, akasoma bajeti tarehe 24 Julai, na katika mwezi huo huo rupia ilishushwa thamani na leseni nyingi za viwanda zikafutwa. Kabla ya hapo mwenye kiwanda alihitaji kibali cha serikali hata kwa kuongeza idadi ya bidhaa anazotengeneza. Skuta za Bajaj, kampuni ile ile ambayo magari yake ya magurudumu matatu yamejaa katika mitaa yetu, zilikuwa na orodha ya wanunuzi waliosubiri kwa miaka.

Milango ilipofunguliwa, ukuaji ulikuja, lakini ulikuja kwa njia isiyozoeleka. Korea Kusini na baadaye China ziliwatoa vijana mashambani na kuwapeleka viwandani kwanza, ndipo ofisi zikafuata. India iliruka hatua hiyo ya katikati. Bengaluru na Hyderabad zikawa miji ya waandishi wa programu za kompyuta na ya makampuni yanayofanya kazi za ofisini kwa niaba ya benki za London na New York, kazi zinazolipa vizuri na zinazohitaji shahada. Kijana wa jimbo maskini la Bihar aliyeishia darasa la nane hakuwa na mlango wa kuingilia humo.

Sasa nirudi kwenye kile kilichofanikiwa. Mwaka 1985 Waziri Mkuu Rajiv Gandhi alikiri hadharani kwamba katika kila rupia moja iliyotengwa kwa ajili ya maskini, ni paisa 15 tu ndizo zilizowafikia. Paisa 85 nyingine zilimezwa na gharama za uendeshaji na wizi wa njiani: maofisa, wakandarasi, wenye maduka ya mgao wa nafaka na majina hewa katika madaftari. Kauli hiyo imerudiwa na wanasiasa wa kila upande tangu wakati huo, na nadhani ndiyo mbegu ya karibu kila kitu kilichofuata. Maofisa walioamua kulitatua tatizo hilo hawakujaribu kuwafanya watu wa katikati kuwa waaminifu. Waliamua kuwapita.

Hatua ya kwanza ilikuwa Aadhaar, namba ya utambulisho yenye tarakimu 12, inayoambatana na alama za vidole na picha ya mboni za macho. Mamlaka yake ilianzishwa mwaka 2009 chini ya Nandan Nilekani, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Infosys, na namba ya kwanza ilitolewa Septemba 2010 katika kijiji cha Tembhli, wilaya ya Nandurbar, jimbo la Maharashtra. Walichagua kijiji cha watu wa makabila maskini kwa makusudi, kwa sababu hao ndio waliokuwa hawana cheti cha kuzaliwa wala karatasi yoyote inayoonyesha kwamba wapo. Leo namba zilizotolewa zimepita bilioni 1.3. Narendra Modi wa BJP aliupinga mradi huo alipokuwa akigombea uwaziri mkuu mwaka 2014. Alipoingia ofisini aliukumbatia na kuusukuma kwa nguvu kuliko walioubuni.

Hatua ya pili ilikuwa akaunti za benki. Agosti 2014 serikali mpya ilizindua mpango wa Jan Dhan, ambao uliziagiza benki kumfungulia akaunti kila asiyekuwa nayo, bila kumdai salio la chini. Mwanzoni ulichekwa. Akaunti nyingi zilikaa tupu, na waandishi wa habari waligundua kwamba baadhi ya matawi ya benki yalikuwa yakiweka rupia moja moja katika akaunti hizo ili zisihesabike kuwa na sifuri. Hata hivyo kufikia mwaka 2023 akaunti zilikuwa zimepita milioni 500, na zaidi ya nusu ni za wanawake. Hatua ya tatu ililetwa na soko: Septemba 2016 kampuni ya simu ya Jio iliingia na intaneti ya bei ya kutupa, washindani wakalazimika kushusha bei, na katika muda mfupi simujanja ikawa kitu cha mfanyakazi wa kawaida. Namba, akaunti na simu vikaunganishwa, na fedha za ruzuku zikaanza kutoka hazina hadi mfukoni mwa mlengwa moja kwa moja.

Juu ya msingi huo ikajengwa UPI, mfumo wa malipo ulioanza Aprili 2016 chini ya shirika la kitaifa la malipo linalosimamiwa na benki kuu. Niliuona kwa macho nilipomsindikiza shangazi yangu kwenda kutibiwa Chennai, safari ambayo Watanzania wengi wenye wagonjwa wanaifahamu. Nje ya geti la hospitali alikuwapo muuza chai mwenye toroli, na kwenye nguzo ya toroli ile alikuwa amefunga kwa waya kadi yenye msimbo wa kuskani na kisanduku kidogo cha plastiki chenye spika. Mteja alielekeza simu kwenye kadi, na baada ya sekunde mbili kisanduku kilitangaza kwa Kitamili, kwa sauti ya mwanamke, kiasi kilichoingia. Muuza chai hakugeuka hata mara moja. Aliendelea kumimina chai kutoka kikombe kimoja cha chuma hadi kingine kwa mkono ulionyooshwa juu. Shangazi alimtazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu hashiki simu, hahesabu hela, kazi yake kumimina tu." Sisi ndio tuliokuwa tatizo pale. Nilikuwa na noti ya rupia 500 na hapakuwa na chenji, hadi binti mmoja aliyevaa sare za uuguzi akatulipia kwa simu yake na kukataa katakata kurudishiwa.

Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuuliza ajabu iko wapi, maana M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na lipa namba tunazo kila kibanda. Tofauti iko katika mwenye njia. Kwetu, kampuni ya simu ndiyo iliyojenga njia, ikaweka mawakala na ikajiwekea ada, na ilituchukua miaka kabla ya kutuma fedha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kuwa jambo la kawaida. India ilitengeneza njia ya umma, kisha ikaziruhusu benki na kampuni zote zipitishe magari yao humo kwa masharti sawa. M-Pesa yenyewe iliingia India na ikafungwa mwaka 2019. Kuanzia Januari 2020 serikali ilipiga marufuku kumtoza mfanyabiashara ada ya malipo ya UPI, na kwa hiyo muuza chai hukatwa sifuri kwenye kikombe kimoja. Kufikia Agosti 2025 miamala ilikuwa imepita bilioni 20 kwa mwezi mmoja. Nikikumbuka kilio kilichopigwa Tanzania baada ya tozo ya miamala ya simu kuanza Julai 2021, naona kwamba serikali mbili zilitazama kitu kile kile, moja ikaona barabara na nyingine ikaona kizuizi cha kukusanyia ushuru. Niongeze kwa haki kwamba barabara ya India si ya bure kwa kila mtu: hazina huzilipa benki fidia kila mwaka, na kampuni mbili, PhonePe na Google Pay, zimeshika takribani asilimia 80 ya miamala yote, kampuni ambazo wenye hisa wakubwa wako Marekani.

Mtihani wa mfumo huo ulikuja usiku wa tarehe 24 Machi 2020, serikali ilipotangaza kufunga nchi nzima kwa sababu ya korona, kwa taarifa ya saa nne tu. Mamilioni ya vibarua wa ujenzi na viwanda vidogo walijikuta mijini bila kazi, bila kodi ya chumba na bila treni, na wengi wakaanza kutembea kwa miguu kurudi vijijini kwao, mamia ya kilomita kando ya barabara kuu, wakiwa wamebeba watoto mabegani. Katika majuma yale yale, akaunti za Jan Dhan za wanawake karibu milioni 200 ziliingiziwa rupia 500 kila mwezi kwa miezi mitatu, na nafaka ya bure ikatolewa kwa watu wapatao milioni 800. Sijui picha nyingine inayoeleza serikali hii vizuri kama hiyo. Iliweza kutuma fedha kwa mamilioni ya wanawake kwa siku chache, lakini haikuwa na habari kwamba wanaume wao walikuwa wakilala kwenye magodoro ya maeneo ya ujenzi huko Mumbai, kwa sababu kazi zao hazikuwa na mkataba wala daftari lolote. Waliofika vijijini waliokolewa zaidi na mpango wa zamani, ule wa sheria ya 2005 uliozipa familia za vijijini haki ya siku 100 za kazi ya malipo kwa mwaka. Mwaka 2015 Modi aliliambia bunge kwamba angeuacha mpango huo uendelee ili uwe mnara wa kumbukumbu ya kushindwa kwa Congress. Mwaka 2020 serikali yake iliuongezea fedha.

Kumpita mtu wa katikati kulikuwa na gharama yake, na waliolipa hawakuwa maofisa. Katika maduka ya mgao mashine ndogo ya alama za vidole ilichukua nafasi ya daftari, na mashine hiyo inahitaji mtandao, umeme na vidole vyenye mistari. Mwanamke aliyevunja mawe au kulima kwa miaka 50 vidole vyake huwa vimesagika, na mashine ikimkataa hana wa kubishana naye, kwa kuwa mwenye duka naye ataonyesha skrini tu. Jimbo la Jharkhand ndilo lililoonja uchungu wa jambo hili zaidi. Mwaka 2017, katika wilaya ya Simdega, msichana wa miaka 11 alifariki baada ya kadi ya mgao ya familia yake kufutwa kwa kutounganishwa na Aadhaar. Mama yake alisema ni njaa, serikali ikasema ni malaria. Mahakama ya Juu ya nchi, katika hukumu ya Septemba 2018, iliruhusu Aadhaar itumike kwa ruzuku na mgao lakini ikazuia makampuni binafsi kuidai. Kenya ilipoleta Huduma Namba mwaka 2019, wanasheria waliokwenda kuipinga mahakamani walikuwa na mkoba uliojaa mifano ya India.

Kuna kichekesho pia ndani yake, japo ni cha kusikitisha. Nchi iliyochukua alama za vidole za karibu kila mtu mzima haijafanya sensa tangu 2011. Ile ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya korona, ikaahirishwa tena na tena, na sasa imepangiwa mwaka 2027. Orodha za wanaostahili nafaka kwa hiyo zimeendelea kutumia hesabu ya watu ya mwaka 2011, na waliozaliwa baadaye wana namba ya Aadhaar lakini wengi wao hawamo katika mgao.

Juu ya kufutwa kwa noti za rupia 500 na 1,000 tarehe 8 Novemba 2016 sitakaa sana, maana matokeo yako wazi. Asilimia 86 ya fedha taslimu zilizokuwa mikononi mwa watu zilikosa thamani kwa hotuba moja ya saa mbili usiku, kwa hoja kwamba wenye fedha haramu wangekwama nazo. Benki kuu ilipomaliza kuhesabu, asilimia 99.3 ya noti hizo zilikuwa zimerudi benki. Fedha haramu ama haikuwapo kwenye noti, ama ilipata njia. Walioumia walikuwa wenye biashara ndogo wanaolipa vibarua kila Jumamosi kwa taslimu. Kodi ya pamoja ya bidhaa na huduma, iliyoanza Julai 2017, ni jambo la maana zaidi ingawa halina msisimko: ilifuta rundo la kodi za majimbo na kuondoa vizuizi mipakani, ambako malori yalikuwa yakilala foleni kama yanavyolala Tunduma.

Ajira ndiyo sehemu ngumu. Septemba 2014 serikali ilizindua kampeni iliyoalika dunia kutengeneza bidhaa India, ikiwa na lengo la kuinua mchango wa viwanda hadi asilimia 25 ya pato la taifa na kuzalisha nafasi milioni 100 za kazi kufikia 2022. Mchango huo haukupanda. Kwa hesabu za Benki ya Dunia umeshuka kidogo, ukawa karibu asilimia 13. Mwaka 2020 ukaja mpango mwingine wenye fedha za kweli: ruzuku ya takribani rupia trilioni 2 kwa sekta 14, inayolipwa kwa kiwanda kulingana na ongezeko la mauzo yake. Katika simu mpango huo umefanikiwa bila ubishi. Sriperumbudur, mji mdogo kusini-magharibi mwa Chennai, sasa una viwanda vinavyounganisha iPhone, na si chini ya moja kati ya simu tano za Apple hutoka India. Sehemu kubwa ya wanaoziunganisha ni wasichana waliotoka vijijini na kulala mabwenini karibu na kiwanda.

Lakini inafaa kuuliza kwa nini ni pale na si Bihar. Tamil Nadu, jimbo ambalo Chennai ndiyo makao yake makuu, ina bandari, ina umeme, na ina serikali zilizoanza kuwalisha watoto chakula cha mchana shuleni zamani sana, mpango uliopanuliwa kwa jimbo lote mwaka 1982 na kuwaweka wasichana darasani. Katika wanawake wote wanaofanya kazi katika viwanda rasmi vya India, zaidi ya asilimia 40 wako katika jimbo hili moja. Ruzuku ya Delhi ilikuta kazi ya miaka 40 imeshafanyika. Bihar, yenye watu zaidi ya milioni 120, ilikuwa na haki ya kuomba ruzuku ile ile na haikuwa na mahali pa kuipokelea.

Matokeo yake unayaona katika foleni za kuomba kazi za serikali. Mwaka 2019 shirika la reli lilitangaza nafasi zipatazo 35,000, na waombaji walikuwa zaidi ya milioni 12. Mchujo ulipocheleweshwa na kuvurugwa, Januari 2022 vijana wa Bihar walizuia njia za reli na kuchoma mabehewa katika stesheni ya Gaya. Hao si watu waliokosa elimu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba kati ya vijana wenye shahada, ukosefu wa ajira ulikuwa karibu asilimia 29, ukiuzidi kwa mbali ule wa vijana wasiojua kusoma, kwa sababu asiyejua kusoma hana uwezo wa kungoja, huchukua jembe. Na majembe yameongezeka. Sehemu ya wafanyakazi walio katika kilimo ilikuwa ikishuka kwa miongo kadhaa hadi kufikia asilimia 42.5 mwaka 2018-19, kisha ikapanda na kufikia asilimia 46 mwaka 2023-24. Katika uchumi unaokua kwa kasi kubwa kuliko karibu wote wa ukubwa wake, watu wamerudi shambani, kwenye sekta inayotoa chini ya moja ya tano ya pato la taifa.

Nikitazama orodha ya mipango ya miaka hii kumi naona jambo linalojirudia. Vyoo vilivyojengwa tangu Oktoba 2014 vimepita milioni 100. Majiko na mitungi ya gesi vimegawiwa kwa wanawake maskini kwa idadi inayofanana na hiyo, kuanzia wilaya ya Ballia mwaka 2016, ingawa kujaza mtungi wa pili na wa tatu kumewashinda wengi. Tangu 2019 wakulima hupokea rupia 6,000 kwa mwaka. Sibezi hata kimoja. Benki ya Dunia ilikadiria, kwa kipimo chake cha zamani cha dola 2.15 kwa siku, kwamba umaskini uliokithiri ulishuka kutoka asilimia 16 mwaka 2011-12 hadi chini ya asilimia 3 mwaka 2022-23, na choo ndani ya ua ni usalama kwa mwanamke ambaye zamani alingoja giza liingie. Lakini vyote ni vitu ambavyo serikali huweza kununua, kuhesabu na kukabidhi. Kazi haikabidhiwi kwa namna hiyo, na mwanasiasa anayekaribia uchaguzi atachagua siku zote kile kinachoweza kupigwa picha mkononi mwa mpiga kura.

Na hapa ndipo hadithi hii inapogusa ndugu zangu wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ambao hawajawahi kusikia jina la Aadhaar. Wao hulima mbaazi, na India ndiyo mlaji mkubwa wa mbaazi duniani. Mvua za 2014 na 2015 zilipokuwa haba huko, bei ya mbaazi zilizopasuliwa ilifika rupia 200 kwa kilo katika miji ya India, wenye nyumba wakalalamika, na serikali ikatafuta mbaazi nje. Julai 2016 Modi alikwenda Msumbiji na kutia saini makubaliano ya kununua jamii ya kunde kwa wingi. Wafanyabiashara walizunguka vijiji vya kusini wakinunua kwa bei ambayo wazee hawakuwa wameiona, na watu wakafyeka mashamba mapya. Wakati huo huo serikali ya India ilikuwa imewahimiza wakulima wake pia kupanda, mvua zikanyesha, na mavuno ya 2016-17 yakavunja rekodi. Bei ya huko ikaanguka chini ya bei elekezi iliyoahidiwa na serikali. Tarehe 5 Agosti 2017, mbaazi za kwetu zikiwa ndiyo kwanza zinapurwa, Delhi iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi kutoka nje. Mjomba alinipigia simu kuniuliza kama Dar kuna mnunuzi, kwa sababu waliokuwa wakija kwa malori hawapokei simu. Magunia yalikaa ndani hadi wadudu wakaingia.

Kwa muda mrefu niliuhesabu uamuzi ule kuwa ukatili wa nchi kubwa. Siku hizi nauona kuwa zao la pengo nililolieleza. Serikali ambayo karibu nusu ya wafanyakazi wake wako shambani haiwezi kuiacha bei ya mbaazi ianguke, na serikali ambayo wapiga kura wake wa mjini hula mbaazi kila siku haiwezi kuiacha ipande. Kwa hiyo hufungua geti na kulifunga. Ilijaribu mwaka 2020 kubadilisha sheria za masoko ya mazao, na wakulima wa Punjab na Haryana wakapiga kambi katika barabara za kuingilia Delhi, Singhu na Tikri, kwa zaidi ya mwaka mmoja hadi Novemba 2021 sheria zikafutwa. Kama wana wao wangekuwa na kazi Sriperumbudur, pengine sheria zile zingepita bila kelele.

Geti la mbaazi lilifunguliwa tena Mei 2021 na limekuwa likiongezewa muda, mwaka kwa mwaka. Kusini mwa Tanzania mbaazi sasa huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mnada unaonekana, na mashamba yamepanuka tena. Lakini Oktoba 2025 India ilizindua mpango wa miaka sita wenye zaidi ya rupia bilioni 110, unaolenga kuifanya ijitosheleze kwa jamii ya kunde kufikia 2030-31, na mbaazi ni moja ya mazao matatu yaliyowekwa mbele. Mpango huo una mbegu mpya zinazokomaa mapema na ahadi ya serikali kununua mavuno ya wakulima waliosajiliwa, kwa namba zao na akaunti zao, yaani kwa njia zile zile ambazo tumeona zinafanya kazi. Anayepanda mbaazi Babati au Nachingwea, na chama cha msingi kinachomuuzia mazao, wangefanya vyema kuufuatilia huo kuliko mwingine wowote.